Zanzibar, Mjerumani au Posta ya Pamoja: Uanze Kukusanya Stempu Zipi?

Ukishaamua kukusanya stempu za Afrika Mashariki, wingi wake utakushtua kabla ya bei. Katika muda wa miaka mia moja hivi, barua iliyotoka Unguja, Bagamoyo au Mombasa ingeweza kubandikwa stempu ya India, ya Sultani, ya Kaisari wa Ujerumani, ya kampuni ya Kiingereza, ya majeshi ya uvamizi, ya wafalme wa Uingereza na hatimaye ya jamhuri. Anayetaka zote huishia na albamu yenye mapengo kila ukurasa. Afadhali uchague posta moja uijue vizuri.

Wengi wanaoniuliza husita kati ya tatu: Zanzibar, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Nazilinganisha kwa bei, kwa urahisi wa kuzipata na kwa hatari ya kuuziwa feki. Lipo na jambo la nne, ambalo kwangu ndilo linaloamua: je, stempu hiyo ilifanya kazi? Iliyotoka kiwandani ikaingia moja kwa moja kwenye albamu ni kipicha chenye gundi. Iliyogongwa muhuri wa Kilosa au Wete, ikiwa bado kwenye bahasha yake yenye jina la mpokeaji, inakuambia posta ilifika wapi, lini, na nani alikuwa akimwandikia nani.

Zanzibar, 1895 hadi 1967

Posta ya Unguja ilianza kama tawi la posta ya India. Meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua kutoka Aden mwaka 1872, na mwaka 1875 ofisi ya posta ya India ikafunguliwa mjini kwa kudumu. Kwa miaka ishirini, aliyetuma barua kutoka Mji Mkongwe alibandika stempu ya India yenye sura ya Malkia Victoria, na bila kusoma muhuri huwezi kujua kwamba barua haikutoka Bombay. Wafaransa nao walikuwa na posta yao mjini humo kuanzia 1889 hadi 1904. Wajerumani walifungua ya kwao 1890, wakaifunga mwaka uliofuata. Yaani kwa kipindi kifupi mji ule mdogo ulikuwa na posta tatu za mataifa matatu, kila moja na stempu zake.

Tarehe 10 Novemba 1895 posta ikatoka mikononi mwa India ikawa ya Zanzibar yenyewe. Stempu mpya zilikuwa bado, kwa hiyo zile za India zikapelekwa kwenye matbaa ya gazeti la serikali, Zanzibar Gazette, zigongwe neno "Zanzibar" juu. Waliopanga herufi walikosea hapa na pale, zikatoka "Zanzidar", "Zanibar", hata "Zapzibar". Makosa hayo leo yana thamani kubwa kuliko stempu zilizo sahihi, na ndiyo maana yanaghushiwa mno. Mghushi hana haja ya kutengeneza stempu nzima: anachukua stempu halisi ya India ya bei poa, anaongeza neno kwa wino mweusi, basi. Ukiona "Zanzidar" inauzwa mtandaoni bila cheti cha mtaalamu, pita kando.

Stempu zilizochapwa 1896 zina sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini na bendera nyekundu. Mwaka huohuo, tarehe 25 Agosti, Sultani akafariki, na siku mbili baadaye manowari za Kiingereza zikapiga mizinga jumba la kifalme kwa kuwa Khalid bin Barghash alikuwa amekikalia kiti. Za Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa na Waingereza, zikatoka 1899. Baadaye wanakuja Ali bin Hamud, Khalifa bin Harub, Abdullah, na mwisho Jamshid. Mtu anayependa historia ya masultani anaweza kuisoma yote kwenye kurasa chache za albamu.

Kwa bei, Zanzibar imegawanyika. Za Sayyid Khalifa, kuanzia 1913 hadi zile za mwaka 1957 zenye karafuu na majahazi, nyingi utazimudu. Zile za 1908 zina thamani zilizochapwa juu yake zinazopanda hadi rupia 200, kiasi ambacho hakuna barua iliyohitaji. Zilitumika zaidi kulipia ushuru na hati za serikali. Wapo wanaofuta kalamu ya karani kwa dawa kisha wakagonga muhuri wa posta wa kubuni. Kwa thamani hizo, stempu "iliyotumika" ikiwa safi kupita kiasi, uwe na wasiwasi nayo.

Kama ningeambiwa nichague seti moja tu ya Zanzibar, ningechukua za mwaka 1964. Desemba 1963 zilitoka stempu za Uhuru zenye sura ya Sultani Jamshid. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari, na posta ikabaki na akiba ya sura ya mtu aliyekwisha kuondoka nchini. Hazikutupwa. Ziligongwa "JAMHURI 1964" juu yake, nyingine kwa muhuri wa mkono, moja baada ya moja. Chukua kioo cha kukuza uziangalie: hapa maandishi yamelala upande, pale wino umefifia kwenye herufi za mwisho, kwingine yamegongwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hayakushika. Unauona kabisa mkono wa karani. Zile zilizochapwa kiwandani baadaye zimenyooka zote, na kwangu hazina ladha hiyo. Za kawaida si ghali. Zilizopinduka kichwa chini ni ghali, na bila shaka umeshajua kwamba zinaghushiwa.

Faida nyingine ya Zanzibar ni kwamba ina mwisho. Tangu 1 Januari 1968 visiwani zinatumika stempu za Tanzania, basi hakuna toleo jipya litakalokuja kukuvurugia hesabu.

Mjerumani, 1890 hadi 1916

Hizi zina mvuto wake, na wanunuzi wa Ulaya wanazigombania, hasa Ujerumani kwenyewe. Hilo ndilo tatizo la kwanza: bei inapangwa na mtu mwenye euro.

Posta za Kijerumani zilifunguliwa Dar es Salaam na Bagamoyo mwezi Oktoba 1890. Mwanzoni zilitumia stempu za Ujerumani kama zilivyo, hadi 1893 zilipoanza kugongwa thamani ya hapa: "2 Pesa", "3 Pesa", "5 Pesa" na kuendelea, pesa 64 zikiwa rupia moja. Kuanzia 1901 ikaja picha ileile iliyowekwa kwenye makoloni yote ya Ujerumani, meli ya Kaisari iitwayo Hohenzollern. Samoa meli hiyo, Kamerun meli hiyo, Tanga meli hiyo; kinachobadilika ni jina la koloni na fedha. Mwaka 1905 pesa zikaondolewa zikaja heller, 100 kwa rupia. Kwa picha, hakuna posta iliyochosha kuliko hii.

Utamu uko kwenye mihuri. Wilhelmstal ndiyo Lushoto ya leo, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga kule kwenye Ziwa Tanganyika. Muansa, Udjidji na Kilossa utazitambua mwenyewe. Usumbura, yaani Bujumbura, nayo imo, kwa hiyo msomaji wa Burundi ana haki ya kudai sehemu yake hapa. Barua kutoka boma la bara ilibebwa kwa miguu na tarishi siku nyingi kabla ya kufika mahali penye reli au meli, na muhuri wa kufika ukiwa nyuma ya bahasha unaweza kuhesabu mwenyewe safari ilichukua muda gani.

Hatari sasa. Kiwanda cha Berlin kiliendelea kuchapa stempu za makoloni hata baada ya vita kuanza 1914, na hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji hukohuko Berlin. Hazikuwahi kufika huku. Matokeo yake, kwa baadhi ya thamani stempu mpya ni rahisi na iliyotumika ni ghali, na anayetaka faida anachonga muhuri wa "Tabora" akagonga mwenyewe. Bila katalogi ya Michel, yaani orodha ya stempu ya Kijerumani, na bila mtu anayejua mihuri hiyo, unanunua gizani.

Kuna kisa cha Vuga ambacho siwezi kukiruka. Vita ilipokata mawasiliano na Ujerumani, stempu zilianza kuisha. Mwaka 1916 misheni ya Kiinjili kule Vuga, Usambara, wenyewe wakiandika Wuga, ikaombwa ichape stempu kwenye matbaa yake, matbaa ileile ambayo wasomaji wa vitabu vya zamani vya Kiswahili wanaijua kwa jina la Vuga. Zikachapwa: za heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja. Hazikuwahi kutumika. Wajerumani wakarudi nyuma mbele ya majeshi ya Waingereza, stempu zikafukiwa ardhini zisitekwe, na baada ya vita zikafukuliwa na kuuzwa Ujerumani. Unyevu uliziharibu gundi nyingi, na hali hiyo imekuwa sehemu ya sifa zake. Ni hadithi nzuri sana. Kwa kigezo changu lakini, stempu ambayo haikubeba hata barua moja siiweki juu ya orodha.

Vita yenyewe inaweza kuwa mkusanyo peke yake. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915 wakagonga jina la kisiwa kwenye stempu walizozikuta. Kisha zikaja stempu za Nyasaland, yaani Malawi ya leo, zilizogongwa herufi "N.F.", za Afrika Mashariki ya Kiingereza zilizogongwa "G.E.A.", kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa Kiingereza, na za Kongo zilizogongwa maneno ya uvamizi wa Wabelgiji kwa Kifaransa na Kiholanzi, zilizotumika upande wa Ruanda, Urundi na Kigoma. Za Mafia zisikutamanishe. Ni chache, ni ghali, na feki zimejaa.

Posta ya pamoja, 1933 hadi 1977

Tarehe 1 Januari 1933 posta ya Kenya na Uganda, ambazo zilikuwa tayari pamoja, iliunganishwa na ya Tanganyika. Tanganyika ikaachana na stempu zake. Wengi tunazikumbuka zile za 1922 zenye kichwa cha twiga. Stempu za kwanza zenye majina matatu zikatoka 1935, na kwa maoni yangu hazijapata mpinzani: korongo wa Uganda, simba, Kilimanjaro, Mlima Kenya, Ziwa Naivasha, daraja la Jinja, na jahazi likipepea tanga kwenye Ziwa Victoria. Jahazi hilo ndilo mwalimu mzuri wa anayeanza. Kwenye ile ya senti 5, tazama kamba ya upande wa kushoto wa tanga kwa kioo cha kukuza. Kwenye nyingi kamba haifiki kwenye tanga. Kwenye chapa nyingine imegusa, na hiyo ndiyo adimu. Ziko nyingi kwenye mafungu ya bei ndogo, wauzaji wengi hawaziangalii, na unaweza kuipata iliyogusa kwa bei ya isiyogusa. Mimi ninaona raha hiyo inazidi kununua kitu cha bei mbaya chenye cheti.

Za Mfalme George wa Sita zilianza 1938 zikaendelea hadi 1954 kwa picha karibu zilezile. Hapa kazi ni kuhesabu meno ya pembeni, maana yalibadilika mara kadhaa, na stempu mbili zinazofanana kabisa machoni zinaweza kutofautiana bei sana. Kipimo cha meno ni kijikaratasi cha bei rahisi. Kinunue kabla ya albamu.

Vita ya pili ilileta uhaba tena. Julai 1941 zikatolewa stempu za Afrika Kusini zilizogongwa KENYA TANGANYIKA UGANDA na thamani mpya. Kwa kuwa Afrika Kusini ilichapa kwa lugha mbili, stempu moja ina Kiingereza, jirani yake ina Kiafrikana. Ndiyo maana wakusanyaji wanazitaka zikiwa mbilimbili hazijachanwa. Usizitenganishe.

Lakini sababu kubwa ya kuichagua posta hii ni kwamba stempu haikuambii ilitumika nchi gani. Jahazi hilohilo liliuzwa Kitale, Masaka na Songea. Jibu liko kwenye muhuri tu, na mihuri iko mingi kupita kiasi: miji, mashamba ya mkonge, vituo vya reli, hadi posta za kwenye treni zenye herufi T.P.O. Unaweza kuamua kukusanya mkoa wako peke yake, Tanga na vitongoji vyake kwa mfano, na ukawa na kazi ya miaka. Bahasha za wafanyabiashara wa Kihindi kwenda Gujarat zipo tele, maana waliandika sana na jamaa zao walitunza. Zipo zenye utepe wa wakaguzi wa wakati wa vita. Zipo za ndege: Imperial Airways ilifika Mwanza mapema 1931, na mwaka 1937 ndege za kutua majini zikawa zinapita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea kusini. Barua ya Lindi iliyosafiri kwa ndege miaka ya thelathini, wakati barabara ya kwenda huko masika ilikuwa haipitiki! Nani alikuwa na haraka hiyo?

Uhuru haukuivunja posta hii mara moja. Tanganyika ilitoa stempu zake tarehe 9 Desemba 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, lakini matoleo ya kumbukumbu yaliendelea kuwa ya pamoja, na majina ya nchi yakizungushwa ili hakuna anayekuwa wa kwanza siku zote: mara Kenya Uganda Tanzania, mara Uganda Kenya Tanzania. Chini ya Mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu ya shirika la posta yakahamishiwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na shirika lake. Stempu za miaka hiyo ya mwisho zinauzwa kwa fungu, bei ya chini kabisa, na hakuna anayehangaika kuzighushi.

Mbili za kuachana nazo, kwa sasa

Ya kwanza ni stempu za Uganda za 1895. Mmisionari Ernest Millar alizichapa Mengo kwa taipureta, herufi U na G juu, thamani kwa kauri katikati, yaani simbi zilizotumika kama fedha, kauri 200 kwa rupia. Alipobadilisha taipureta, herufi nazo zikabadilika upana. Ni stempu za ajabu duniani, lakini kitu kilichopigwa kwa taipureta kinaweza kupigwa tena na yeyote mwenye taipureta ya zamani na karatasi inayofanana. Waachie makumbusho na matajiri.

Ya pili ni matoleo mengi ya Tanzania ya miaka ya themanini na tisini yaliyolengwa kwa wakusanyaji wa nje. Waimbaji wa Marekani, treni za Ulaya, magari, dinosaria. Kwa dinosaria angalau tuna haki, mifupa ya Tendaguru kule Lindi ilichimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913 na iko Berlin hadi leo. Lakini nenda posta yoyote ya wilaya uulize kama waliwahi kuuza seti hizo dirishani. Ukiipata moja kwenye bahasha iliyotumwa kweli, yenye S.L.P. na muhuri unaosomeka, hiyo inunue, maana ndiyo nadra.

Sasa uchague

Mwenye bajeti ndogo, na anayejifunza, aanze na posta ya pamoja. Sisiti. Atakosea kwa bei nafuu, na atajifunza kusoma meno, muhuri na chapa bila kuibiwa. Mwenye moyo na visiwa, au aliyerithi barua za wazee wa Unguja na Pemba, aende Zanzibar, lakini aanzie 1913 kuja mbele na aache za 1895 hadi awe na mtu wa kumshauri. Mjerumani ninampendekeza kwa aina moja tu ya mkusanyaji: aliyekwisha kuzoea, anayesoma Kijerumani kidogo, na anayetaka mihuri ya bara kuliko picha. Anayeishi Ulaya ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu minada iko jirani yake na anaweza kuishika bahasha kabla ya kulipa.

Msomaji wa Mombasa atauliza mbona sikutaja kampuni ya Imperial British East Africa, iliyotoa stempu zake 1890. Ni kwa sababu kwa bei na kwa feki iko pamoja na Mjerumani, na kwa wingi iko chini yake. Akiwa na bahasha moja ya Lamu ya miaka hiyo, aitunze na asiiuze kwa wa kwanza kuuliza.

Na kama una sanduku la barua za zamani nyumbani, ombi moja: usichane stempu wala usizilowanishe kwenye maji ili zibanduke. Stempu ya senti 20 ya 1938 ikiwa peke yake haina thamani ya kunywea chai. Ikiwa bado kwenye bahasha, na muhuri ni wa posta ndogo iliyokwisha kufungwa, ni habari nyingine. Ziweke bahasha kavu, mbali na jua, kwenye folda isiyo ya plastiki ya PVC maana plastiki hiyo hula wino. Kisha zipange kwa jina lililo kwenye muhuri, sio kwa picha, uone ni miji gani inajirudia. Mara nyingi sanduku lenyewe ndilo litakalokuambia uanze na posta ipi.